Vita vya 1896 chini ya Mlima Meru: Sisi tulikuwa upande gani?

Majuma machache yaliyopita nilikuwa nafundisha kidato cha tatu, katika shule moja hapa mjini Arusha, somo la vita vya zama za Mtume (SAW). Tulikwishapita Badr na Uhud, tukawa tumefika kwenye handaki la Khandaq na jinsi Salman al-Farsi alivyotoa rai ya kulichimba. Vijana walikuwa wachangamfu. Ukitaja tarehe, wanakutajia majina. Ukitaja jina, wanakutajia idadi ya ngamia.

Basi akanyoosha mkono kijana mmoja, mtoto wa Kimeru, ambaye kwao ni jirani na Akeri. Akasema: "Ustadh, vita hivi tunavijua. Lakini Wajerumani walipokuja kwetu Meru wakachoma nyumba na kukata migomba, sisi Waislamu tulikuwa upande gani?"

Nakiri kuwa sikuwa na jibu la papo hapo. Nilimwambia asubiri. Nimesoma chuo kikuu, nimefanya mitihani ya historia, na naweza kukueleza kwa nini Salahuddin alishinda Hattin mwaka 1187 na kwa nini Wamongolia walikwama Ayn Jalut mwaka 1260. Lakini mlima ninaouona kila asubuhi nikitoka kuswali Alfajiri sikuwa nimewahi kuusoma kama uwanja wa vita. Makala hii ni jibu lililochelewa. Nalitoa hapa gazetini kwa kuwa nadhani swali lile si la kijana yule peke yake.

Kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Tunaposema vita fulani vilibadili historia, hatuna maana ya vita vilivyoua watu wengi. Mwaka 1916, kule Verdun nchini Ufaransa, Wafaransa na Wajerumani waliuana kwa miezi kumi, wakafa watu laki kadhaa, na mstari wa mapigano mwisho wa yote ukawa karibu pale pale ulipoanzia. Kwa upande mwingine, Badr ilikuwa kazi ya siku moja. Makureshi waliouawa walikuwa kama 70 na Waislamu 14. Ukihesabu maiti tu utasema ni ugomvi wa msafara. Lakini kila mtu anajua kilichofuata.

Tena kuna Hudaybiyya, ambako hapakupiganwa kabisa. Masahaba wengine walirudi na huzuni wakiona wamekubali masharti mazito. Sura iliyoteremka baada ya hapo ndiyo inayoitwa Al-Fat-h, yaani ushindi, na miaka miwili baadaye Makka ikafunguliwa. Kwa hiyo jambo la kuangalia si kelele za siku ile. Tuangalie mlango gani ulifunguliwa na mlango gani ulifungwa, na nani alibaki na ufunguo.

Kwa kipimo hicho hebu tuutazame mwaka 1896.

Mwaka ule ulikuwa na mapigano matatu katika Afrika Mashariki ambayo mara chache hutajwa pamoja. La kwanza lilikuwa Adwa, kaskazini mwa Uhabeshi, tarehe 1 Machi. Mfalme Menelik wa Pili, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ananunua bunduki kwa Wazungu wenyewe, alikusanya watawala wa majimbo yake na kulivunja jeshi la Italia lililoongozwa na Jenerali Baratieri. Waliuawa maelfu. Italia ikalazimika kuutambua uhuru wa Uhabeshi, na nchi ile haikukaliwa tena na mgeni hadi Mussolini alipoivamia mwaka 1935 na kuishika kwa miaka mitano. Ilipofika mwaka 1963 na viongozi wa Afrika wakatafuta mahali pa kuanzishia Umoja wao, walikutana Addis Ababa, na makao makuu yakabaki huko.

La pili lilikuwa Unguja, tarehe 27 Agosti. Sayyid Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Sayyid Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila idhini ya Waingereza. Saa tatu na dakika chache asubuhi manowari za Kiingereza zikaanza kulipiga jumba. Kabla ya saa nne kamili mambo yalikwisha. Waliouawa au kujeruhiwa upande wa jumba ni kama 500. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani na baadaye akavushwa hadi Dar es Salaam, ambako Waingereza walimkamata mwaka 1916 baada ya kuuteka mji. Alifariki Mombasa mwaka 1927. Tangu asubuhi ile Sultani wa Zanzibar alikuwa mtu wa kuwekwa, si mtu wa kukaa mwenyewe. Haki isemwe pia kwamba ni Sultani huyo wa kuwekwa, Hamoud bin Mohammed, ndiye aliyetia saini mwaka 1897 dikrii iliyouondolea utumwa nguvu ya sheria Unguja na Pemba. Historia haitupi kila siku mkate uliokatwa sawasawa.

La tatu ndilo letu, na ndilo halina jina katika vitabu vya dunia.

Usiku wa Akeri

Miaka ya 1890 ilianza vibaya katika nchi ya Meru. Sotoka ilishuka kutoka kaskazini na kumaliza ng'ombe wa Wamasai na majirani zao, ikafuatiwa na ndui na njaa. Waarusha, ambao walikuwa wamehamia miteremko ya kusini magharibi ya mlima tangu miaka ya 1830 wakitokea Arusha Chini, walikuwa wamezoea kupigana na Wameru waliowakuta mlimani. Lakini kufikia wakati huo vijana wa pande zote mbili walikuwa katika rika moja la moran lililoitwa Talala, wakienda pamoja kuteka ng'ombe hata upande wa Kilimanjaro.

Wajerumani nao walikuwa wameshakaa Kilimanjaro. Walimpiga Sina wa Kibosho mwaka 1891. Mwaka 1892 walipigwa wao na Mangi Meli wa Moshi, ofisa wao von Bülow akauawa, lakini mwaka 1893 wakarudi na nguvu kubwa zaidi na Meli akasalimu amri. Ikabaki Meru.

Oktoba 1896 Kapteni Johannes, mkuu wa kituo cha Moshi, alikuwa amepiga kambi upande wa Waarusha. Wakati huo huo wamisionari wawili wa Kilutheri wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wote vijana kutoka nchi za Baltiki, walifika Akeri kutafuta mahali pa kujenga misheni. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba moran wa Kimeru na Kiarusha waliwavamia na kuwaua, pamoja na Wachaga kadhaa waliofuatana nao. Kisha wakaiendea kambi ya Johannes, na huko wakarudishwa kwa risasi.

Kuna Waislamu wanaoisimulia habari hii kama vile wale vijana walikuwa wanapinga Ukristo. Sioni ushahidi wa hilo. Moran wa Talala hawakuwa na ugomvi na Injili wala hawakuijua. Walichokiona ni Wazungu wawili na hema, na siyo mbali na hapo Mzungu mwingine na hema na bunduki nyingi. Mtu ambaye nchi yake inanyemelewa hakai kuchambua nani amekuja na kitabu na nani amekuja na baruti. Hilo ni kosa la aliyepanga safari za namna ile mbili kwa wakati mmoja. Wale vijana wawili wa Baltiki waliuawa kwa jambo ambalo hawakulipanga, na mtu mwadilifu hawezi kulifurahia.

Johannes alirudi Moshi kukusanya nguvu. Kabla mwezi ule kwisha akawa njiani tena, safari hii na askari wake pamoja na maelfu ya wapiganaji wa Kichaga waliokuja kulipa visasi na kuchukua ng'ombe. Hapo ndipo pigano lenyewe lilipotokea, kama tunaweza kuliita pigano. Mkuki na ngao ya ngozi dhidi ya bunduki za kisasa ni jambo la muda mfupi. Lililochukua muda ni yale yaliyofuata. Nyumba zilichomwa, migomba ikafyekwa, ng'ombe na mbuzi wakaswagwa kwa maelfu kuelekea Kilimanjaro, na wanawake wakachukuliwa. Mwaka uliofuata wakarudi tena kumalizia.

Naomba msomaji asimame kidogo hapo kwenye migomba. Kwa mtu wa mjini mgomba ni mmea. Kwa Mmeru wa mwaka 1896 ulikuwa chakula, pombe, malisho ya ng'ombe wa ndani, paa la nyumba, kivuli, na alama ya mpaka wa kihamba alichoachiwa na babu yake. Kuufyeka ni kumwambia mtu kuwa hata ukibaki hai huna kwako.

Nani alishika bunduki?

Sasa nalirudia swali la kijana wangu, na hapa ndipo panapouma.

Wapinzani wa ukoloni ambao sisi Waislamu hujivunia ni wengi na ni wa kweli. Abushiri bin Salim al-Harthi alisimama Pangani mwaka 1888 na kunyongwa huko huko Desemba 1889. Katika Maji Maji ya 1905 hadi 1907 walikuwamo Waislamu. Haya tunayaandika kila mara, na ni haki yetu kuyaandika.

Tunayoyaacha ni haya. Hermann von Wissmann alipotumwa kumvunja Abushiri mwaka 1889 hakuja na jeshi la Wajerumani. Alikuja na maofisa wachache wa Kijerumani. Askari wake aliwapata Cairo, kama Wasudani 600 waliokuwa wametumikia jeshi la Misri na kubaki bila kazi baada ya Sudan kuchukuliwa na Mahdi. Walikuja na wake zao na watoto wao, na wengi wao walikuwa Waislamu. Kwa hiyo pale Pangani walioswali Magharibi ndani ya ngome na walioswali Magharibi nje ya ngome walielekea Kibla kimoja.

Jeshi hilo ndilo lililokuja kuwa jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki. Baadaye wakaingizwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengine, lakini kambi ilibaki na sura ile ya mwanzo. Lugha ya kambi ikawa Kiswahili na dini ya kambi, kwa sehemu kubwa, ikawa Uislamu. Wako walioingia kambini na dini ya mababu wakatoka wamesilimu. Askari wa namna hiyo ndio waliopanda na Johannes kwenye miteremko ya Meru.

Kwa hiyo nilimjibu kijana: Wameru na Waarusha wa mwaka ule hawakuwa Waislamu. Waislamu waliokuwapo wengi wao walikuwa upande wa bunduki.

Darasa likanyamaza. Mmoja akasema hao hawakuwa Waislamu wa kweli. Nikamwambia hiyo ni njia rahisi mno. Ukianza kumtoa kila aliyekosea, utabaki na historia nyeupe kama kanzu ya Idi, nayo haitakufundisha kitu. Ni bora tuulize walifikaje hapo. Msudani yule alikuwa mtu aliyeshindwa vita kwao, akakaa Cairo hana mshahara, ana mke na watoto, na kazi pekee aliyoijua ni ya silaha. Akaja Mzungu na fedha. Hakuambiwa kuwa atakata migomba ya mtu asiyemjua. Na alipoambiwa, alikuwa mbali sana na kwao kuweza kukataa. Hili si la Waislamu peke yao. Jeshi la Italia kule Adwa nalo lilikuwa na askari wa Kieritrea kwa maelfu, na wao walikufa kwa ajili ya bendera ya Roma. Unguja, asubuhi ile ya Agosti, upande wa Waingereza walisimama askari wa Kizanzibari wapatao 900 wakiongozwa na ofisa wa Kiingereza. Mapigano matatu ya mwaka mmoja, na katika yote matatu mkoloni alipiga kwa mkono wa Mwafrika aliyemlipa.

Hali ya Wachaga ni somo jingine. Waliosaidia kuichoma Meru mwaka 1896 walidhani wamepata rafiki. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli kule Moshi ya Kale pamoja na wenzake 18, akiwamo Molelia wa Kibosho, kwa tuhuma za kula njama dhidi ya serikali. Miongoni mwa walionyongwa siku hiyo walikuwamo viongozi wa Kiarusha na wa Kimeru. Miaka minne tu ilipita kati ya kupigana wao kwa wao na kuning'inizwa pamoja. Kichwa cha Meli kinasemekana kupelekwa Ujerumani, na hadi leo wajukuu hawajakizika. Septemba 2023 watu wa makumbusho ya Berlin walitangaza kuwa vipimo vya vinasaba vimeonyesha mafuvu kadhaa katika hifadhi yao yana jamaa walio hai Tanzania, likiwamo la mshauri wa Meli aliyeitwa Akida na mawili yanayohusiana na ukoo wa Molelia. La Meli mwenyewe halikuonekana.

Mji uliotoka kwenye pigano

Nimesema tuangalie mlango uliofunguliwa. Mlango wa kwanza ni mji huu.

Mwaka 1899 Wajerumani walianza kujenga boma Arusha, na mwaka 1900 likakamilika. Waliolijenga ni Waarusha na Wameru walioshindwa, kwa kazi ya kulazimishwa. Kando yake yakaota maduka ya Wahindi na Wagiriki, nyumba za Waswahili, na wastaafu wa jeshi waliopewa mahali pa kukaa. Kwa hiyo jamii ya Kiislamu ya mjini hapa, mimi na wewe tunaoswali Ijumaa mjini, mizizi yake ya kwanza iko chini ya ukuta wa boma lile. Sisemi hivi kuwatia watu aibu. Nasema kwa kuwa nimechoka kusikia kuwa Uislamu uliingia Arusha kwa biashara tu, kana kwamba msafara wa vitambaa ulipita ukaacha msikiti. Biashara ilikuwapo, ndiyo, na masheikh walikuwapo. Na bunduki nazo zilikuwapo.

Mlango wa pili ni ardhi, na huo ndio uliokuwa mpana. Baada ya Uingereza kuwashinda Makaburu kule Afrika Kusini mwaka 1902, baadhi yao hawakutaka kuishi chini ya mshindi wakahamia huku kuanzia miaka ya 1904 na 1905. Wajerumani wakawapa ardhi kuuzunguka Mlima Meru. Wakaja pia Wajerumani waliotoka Urusi, wakawekwa Leganga karibu na Usa River. Angalia jinsi vita vya mbali vinavyoangukia mahali usipopatarajia: Kaburu ameshindwa Transvaal, Mmeru ananyang'anywa Usa. Katika miaka michache mashamba ya walowezi yakaufunga mlima kama pete. Juu kukawekwa msitu wa serikali, chini mashamba ya Wazungu, na katikati watu wakabanana na migomba yao. Wamisionari nao walirudi, wakajenga Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Safari hii hakuna aliyewagusa.

Wazungu wapigana, sisi tunakufa

Vita vikuu vya kwanza havikuwa vya mbali na sisi. Tarehe 3 Novemba 1914 Waingereza waliokuja kutoka Kenya walijaribu kuuteka mlima wa Longido, ambao msafiri wa Namanga anauona vizuri upande wa kulia, wakarudishwa nyuma siku ile. Siku hizo hizo wenzao walikuwa wanashindwa Tanga, jeshi la kama watu 8,000 mbele ya watu kama 1,000 wa von Lettow-Vorbeck.

Siku chache baadaye Sultani wa Uturuki, aliyeshirikiana na Ujerumani, akatangaza jihadi. Wajerumani, wale wale waliomnyonga Abushiri, wakaanza kuwaambia askari wao Waislamu kuwa vita hivi ni vya kuitetea dini. Na ng'ambo ya pili? Waingereza walikuwa wameleta Wapunjabi Waislamu na Wabaluchi kutoka India. Katika jeshi la KAR walikuwamo Wasudani na Wasomali. Machi 1916, kwenye vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, Wabaluchi walikuwamo katika mapigano dhidi ya askari wa Kijerumani. Muislamu kutoka Baluchistan na Muislamu kutoka Tabora wanapigana gizani juu ya kilima ambacho hakuna kati yao aliyewahi kukisikia mwaka uliotangulia, mmoja kwa ajili ya Mfalme George, mwingine kwa ajili ya Kaiser Wilhelm. Baada ya vilima vile kuachwa, Moshi ikaanguka, na kabla mwezi kwisha Arusha nayo ikawa ya Waingereza.

Wapagazi waliobeba vyakula na risasi za majeshi yote mawili walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina lao limebaki Kariakoo, Dar es Salaam, palipokuwa na kambi ya wapagazi hao. Ukienda kununua kanga pale, kumbuka.

Kwa Mmeru, Machi 1916 ilibadili bendera tu. Waingereza waliyachukua mashamba ya Wajerumani kama mali ya adui. Mtu angedhani mali ya adui ingerudishwa kwa yule aliyenyang'anywa na adui. Sehemu kubwa iliuzwa kwa walowezi wengine, wakiwamo Waingereza na Wagiriki. Hapa ndipo ninapoona kuwa pigano la 1896 lilikuwa zito kuliko la 1916, ingawa la 1916 lilikuwa na mizinga na majenerali na limeandikwa katika vitabu vingi. Lile dogo liliondoa ardhi. Lile kubwa likabadili jina la mwenye hati.

(Na vita vya pili navyo viliacha alama yake. Nenda Tengeru utakuta makaburi ya Wapoland. Wakimbizi kama 5,000, wengi wanawake na watoto, waliletwa hapo kuanzia mwaka 1942 wakitokea Urusi kupitia Iran. Mashamba ya kuwaweka yalipatikana bila shida.)

Kirilo aenda New York

Mwisho wa simulizi la 1896, kwa maoni yangu, uko mwaka 1951. Serikali ya Kiingereza iliamua kuwa eneo la Ngarenanyuki na Leguruki, kaskazini mashariki ya mlima, litengwe kwa ajili ya ranchi za Wazungu. Wameru waliokuwa huko, wengine katika ardhi waliyokuwa wameinunua kwa fedha zao, wakaamriwa kwenda Kingori. Walikataa. Novemba 17 polisi walianza kuwaondoa. Watu wapatao 3,000 walitolewa, nyumba zikachomwa, na kanisa na shule havikusalimika. Ilikuwa kana kwamba Johannes amefufuka.

Lakini safari hii hakuna aliyechukua mkuki, na wala halikuwa jambo la woga. Wameru walichanga fedha, shilingi kwa shilingi, wakampata wakili kutoka Bermuda aliyefanya kazi Moshi, Earle Seaton. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York na kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza jinsi nchi yake ilivyochukuliwa. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja huo, na sheria hiyo ambayo Waingereza waliiona kama pambo, Wameru waliisoma kama hati ya kisheria. Kirilo alikuwa Mlutheri. Elimu yake ilitokana na wale wale ambao wenzao wawili waliuawa Akeri. Ni vyema sisi Waislamu tukalitazama hilo bila kinyongo na kujiuliza kama wazee wetu wa mjini, wenye maduka na madrasa, walichanga chochote.

Alishindwa. Katika Baraza Kuu, mwishoni mwa 1952, azimio la kutaka watu warudishwe halikupata theluthi mbili. Kirilo akarudi bila ardhi. Lakini alirudi na habari, na akazunguka kuisimulia. Watu wa Mwanza na Dar es Salaam wakajua kuwa Mwingereza anaweza kushitakiwa. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kesi ya Wameru ilikuwa tayari mfano mikononi mwa wazungumzaji wake. Hiyo ndiyo Hudaybiyya yao, kama mtaniruhusu kusema hivyo: kurudi mikono mitupu, na mlango ukawa umefunguka.

Jumamosi iliyofuata niliwachukua wanafunzi wangu hadi Boma, ambalo sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, mwisho wa Barabara ya Boma. Tulizunguka ukuta kwa nje. Yule kijana wa Akeri aliupapasa kwa kiganja, akauliza kama waliojenga walilipwa. Nikamwambia hapana. Akauliza kama askari waliowasimamia walilipwa. Nikamwambia ndiyo, kila mwezi.